Kabla Hujampa Mwavita Ile Barua

Feza wangu,

Umetoka na mlango umeubamiza hadi picha ya ubatizo wako ikapinda ukutani. Baba yako amekimbia nyuma yako akisema mnakwenda kuwaaga shangazi zako, lakini hapa hakuna aliyedanganyika: umetoka kwa sababu yangu. Niko naandika haraka kabla hamjarudi. Nimechana karatasi za katikati za daftari lako la zamani la shule, nimesukuma pembeni sahani ya sombe uliyoiacha nusu, na kalamu yenyewe inakwamakwama. Vumilia mwandiko.

Asubuhi motari atakuja na pikipiki yake kukuchukua, na mbele ya motari sitaweza kusema haya. Mbele yako pia sijaweza. Mchana nilifungua kinywa niyaseme, badala yake nikapiga meza. Nisamehe kwa ile meza. Kuna jambo jingine kubwa zaidi la kuombea msamaha, nitalifikia nikipata moyo.

Habari ya neti sitakuandikia, wala ya viatu vya mvua, wala ya maji ya kunywa. Una miaka ishirini na sita, una diploma, na shauri la mama juu ya viatu utalitupa kabla hujavuka daraja la kwanza. Nakujua, nilikuzaa mimi.

Kilichonichoma ni ile karatasi. Uliitoa kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayetoa kitenge kipya, ukaitandaza mbele yangu: demande d'explication, imepigwa kwa kompyuta, imebaki tarehe na muhuri tu. Unamdai mkunga Mwavita aeleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini anatoroka zamu ya usiku. Bado hujamwona uso. Kituo cha afya unachokwenda kukiongoza bado hujakiona. Lakini demande yake iko tayari, kazi ya kwanza ya titulaire mpya, mkubwa wa kituo. Ukaniambia, "Mama, nikianza na ulegevu watanikalia kichwani." Nikakwambia usiipeleke. Ukaniuliza, "Na wale wamama wanaokuta mlango umefungwa?" Hapo ndipo nilipiga meza.

Swali lako ni la kweli. Tunajua wote yaliyotokea kule uendako, upande wa Wamaza: watu wenye silaha waliingia kituoni usiku, Mwavita yuko peke yake kwenye chumba cha kuzalia na mama aliyeshikwa na uchungu. Walimtendea nini mle ndani hajamwambia mtu, na hakuna mwenye haki ya kumvuta aseme. Watu walikimbia, wakarudi, kituo kikafunguliwa. Tangu hapo Mwavita anafanya kazi vizuri kabisa mpaka jua lishuke, kisha anabeba kikapu chake anaenda. Mama wawili wamegonga bure. Mmoja alijifungulia barazani, na yule mtoto alipona kwa neema ya Mungu tu. Hayo yote nayajua, Feza. Mimi nilikuwa muuguzi kabla sijawa mama yako. Jibu la kukupa kama kidonge sina. Nina habari ya Papa Amisi tu, na hiyo nimekuficha miaka tisa.

Unamkumbuka. Ndiye aliyekufundisha baiskeli ulipokuja likizo kwenye kituo changu, kule kwenye barabara ya Kabambare. Alikuwa anakimbia nyuma yako ameshika kiti kwa mkono mmoja, kofia yake ya msikitini kwa mkono wa pili. Baadaye ukaniuliza ameenda wapi. Nilikujibu, "Alichoka kazi, ameingia biashara." Nilikudanganya. Amisi hakuchoka kazi. Mimi, mama yako, ndiye niliyemtoa.

Alikuwa mchanjaji wetu. Vijiji kumi na tatu alivijua kwa majina ya watoto. Alikuwa akifika anaita kwa Kibangubangu, watoto wanakimbia, wengine wanalia, naye anawachekesha hata wanaolia. Daftari lake lilikuwa safi kuliko langu. Siku moja akaondoka na pikipiki ya kituo, sanduku la chanjo limefungwa nyuma, akakamatwa njiani na watu wenye silaha. Siku mbili hatukuwa na habari. Siku ya tatu akarudi kwa miguu, bila viatu, bila sanduku, bila pikipiki. Nakumbuka nilitoka mbio kwenye chumba cha kupimia wagonjwa, nikamkumbatia, nikalia. Ndivyo ninavyokumbuka.

Jumatatu, kwenye sala ya asubuhi kabla ya kufungua kituo, Wakristo na Waislamu pamoja kama ilivyo kawaida yetu, nikamsimamisha. "Papa Amisi, toa ushuhuda, umushukuru Mungu." Unajua tunavyofanya: mtu akitoka hospitali, akivuka mto salama wakati umejaa, anasimama mbele za watu anasema. Niliona namheshimu. Alisimama, akasema yote, kamba, kipigo, msitu. Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Nilirudi kwenye meza yangu nimefurahi, nikajua mtu wangu amepona.

Wiki ileile wakaja wageni kutoka mjini, nikamwita tena. Kisha wachungaji. Kisha kamati ya afya. Mara nne, Feza! Mara ya nne habari ilikuwa imekuwa fupi na tamu, anaitoa kama mtoto anayesema shairi la shule, na alipofika mahali walipomfunga mikono akacheka. Tukacheka naye. Kile kicheko kilitakiwa kinitishe. Mimi nikasema moyoni, tazama mwanaume huyo.

Halafu ripoti. Ofisini kwa wakubwa wetu walitaka saa kamili. Walimkamata saa ngapi, walimwachia saa ngapi, pikipiki ilichukuliwa saa ngapi. Amisi hakuwa na saa. Nikamwandikisha ripoti mara tatu, mimi nimekaa upande wa pili wa meza na kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la tano. "Hapa umeandika jioni, pale umeandika usiku. Chagua moja." Mistari yake ilipanda na kushuka, kalamu ikatoboa karatasi. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Andika vizuri, isomeke."

Basi akaanza kuharibika, na mimi nikaanza kuandika makosa yake. Alikuwa mtu wa kufika kabla ya jogoo, sasa anafika saa tatu, suruali imelowa hadi magotini. Nikaandika: mchelewaji. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba alikuwa anazunguka kwa njia ya mashamba ya mpunga, mwendo wa saa nzima, asipite pale motari wanapoegesha na kuwasha mashine zao. Mtoto mmoja akamwandika mara mbili, mwingine akamruka. Nikaandika: mzembe. Mama mmoja alimuuliza kitu kidogo tu akamfokea mpaka mama akalia. Nikaandika.

Siku moja mfuniko wa sufuria ya kuchemshia vyombo ulianguka kwenye sakafu, kwaa! Amisi akawa chini ya meza. Mtu mzima, baba wa watoto watano, chini ya meza, na foleni nzima ya wamama na watoto wao inamtazama. Wafanyakazi wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, Feza. Nilicheka hadi nikashika tumbo. Kesho yake kuna mmoja aliudondosha mfuniko makusudi, na mimi mkubwa wa kituo sikumkemea.

Nilimwita ofisini kwangu. "Amisi, uko na nini?"

"Niko muzuri, Mama Titulaire."

"Basi kama uko muzuri, tumika, kazi inangoja."

Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyofanya naye. Nilimuuliza mlango ukiwa wazi, watu wanapita, na mimi naendelea kupiga mihuri kwenye karatasi za rufaa. Hata kichwa sikuinua.

Kisha akaja mke wake, Zaina. Alinikuta nahesabu vidonge. Akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Mama Titulaire, mume wangu halali tena kwa kitanda. Analala chini, mbele ya mulango, na viatu mu miguu. Watoto wanamuruka asubui." Nikamwambia, "Aniandikie, ili niwe na karatasi." Zaina alinitazama. Akakaza kitenge chake kiunoni, akasema aksanti, akaenda. Ile ndiyo siku ningeweza kuokoa kila kitu. Msaada wenyewe ulinifuata hadi mlangoni, nami nikauomba karatasi. Mpaka leo nikimwona mama yeyote anakaza kitenge namna ile nainamisha macho.

Ngoja nikueleze sasa akili yangu kubwa kuliko zote. Nilisema, aliyeanguka na baiskeli hupandishwa tena palepale, vinginevyo ataogopa maisha yake yote. Nikaazima pikipiki ya parokia, nikampanga Amisi njia ileile. Hakukataa. Laiti angekataa! Alifunga sanduku nyuma, polepole, fundo juu ya fundo, akaondoka. Alasiri akarudi, akasema, "Watoto hawakuwepo, wako mashambani." Nikafungua sanduku. Barafu yote maji, chanjo zote zimeharibika. Mama mmoja aliyekuwa anang'oa mihogo akaja kutuambia: Amisi alisimama baada ya nyumba ya mwisho, akaingia kwenye mihogo, akaketi mchana kutwa amelikumbatia sanduku.

Ndipo nikaandika demande. Yako imepigwa kwa kompyuta, yangu niliiandika kwa mkono, na mihuri miwili ili iume. Nikampa mbele ya wenzake ili wengine wajifunze. Baada ya siku mbili akaleta jibu: karatasi nyeupe. Juu jina lake, chini sahihi yake, katikati hakuna neno. Lo! Niliwaka. Mimi, Alphonsine, nidharauliwe na mchanjaji! Niliipeleka juu pamoja na maneno yangu, na maneno yangu unayajua yanavyokuwa makali nikitaka. Wakamsimamisha kazi. Kisha jina likaondolewa kwenye orodha. Zaina alipita barabarani na mzigo kichwani, watoto watano nyuma yake kwa mstari, na hakugeuka kunitazama.

Kwa miaka miwili nilisimulia ile karatasi nyeupe kama mfano wa utovu wa nidhamu. Kwenye mikutano, nakwambia! Kisha wakatuita kwenye mafunzo, na aliyefundisha alikuwa mama msaikolojia, mtu wa hapa hapa Kasongo, anayesema Kiswahili cha jikoni kama mimi na wewe. Akasema mtu aliyepitia hofu kubwa anaweza kurudi kwa miguu lakini mwili wake ukabaki kule, unasikiliza, unangoja. Akasema msimlazimishe asimulie, maana kwa wengine kusimulia kwa nguvu ni kurudishwa kule kwa mikono yenu. Msimrudishe peke yake mahali pa hofu mkidhani mnamponya. Msimcheke. Msimwite mvivu kabla hamjamuuliza. Nilikaa mstari wa nyuma, nikaacha kuandika. Kila alichosema tusifanye, mimi nilikuwa nimekifanya, tena kimoja kimoja kwa mpangilio. Amisi alikuwa ametoa habari ile mara nne kwa mdomo na mara tatu kwa mkono. Nilipomdai mara ya nane, hakuwa amebaki na kitu.

Nilikwenda ofisini kuomba niifute demande yangu. Nililia pale. Wakaniambia, "Mama, faili imefungwa." Nilipoiandika ilinichukua dakika kumi.

Usidhani sikujifunza chochote, nisije nikakutisha bure. Baadaye, tulipokimbia vita na kurudi, kijana wetu wa maabara alianza kuacha damu za wagonjwa mezani, macho yakiwa dirishani. Kalamu iliruka mkononi mwangu, desturi ni desturi. Nikaiweka. Nikamwita nyuma ya kituo, pale tunapoanika mashuka, hakuna mtu wa kusikia. Sikumuuliza yaliyompata. Nilimuuliza, "Kazi gani bado unaiweza, na gani imekushinda?" Nikaendelea kukunja mashuka nisimkazie macho. Akasema, "Darubini naiweza, Mama. Kukaa miye peke mule ndani, siwezi." Basi. Tukatoa meza yake tukaiweka karibu na dirisha la dawa, penye watu. Wafanyakazi niliwaambia, atakayemtania atanikuta mimi, na mimi mnanijua. Ofisini niliandika kwa jina langu kwamba mimi ndiye niliyehamisha meza, wasije wakamtafuta yeye. Yule mama msaikolojia alipopita, nilimwambia kijana, "Yupo leo, ukitaka." Mara ya kwanza hakutaka. Mara ya pili hakutaka. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe, wala hakuniaga. Kuna siku alikuwa mzuri, kuna siku alikuwa hovyo, na siku za hovyo tulifunika kazi yake sisi wengine tukinung'unika. Yuko kazini hadi leo.

Sasa turudi kwa wamama wako, usije ukasema nimekwepa. Wanahitaji mkunga usiku, hilo halina mjadala. Lakini niambie, wewe uliyesoma: Mwavita akirudi usiku kwa kuogopa karatasi, utakuwa umempata nani? Utakuwa na mtu aliyefungiwa katika chumba kilekile, anasikiliza hatua nje, mikono inatetemeka, na kichwa cha mtoto kinatoka. Wewe ungemleta mke wa kaka yako ajifungulie kwenye mikono hiyo? Mimi hapana.

Ningekuwa mimi, na nasema ningekuwa, maana kituo ni chako, usiku wa kwanza ningelala pale mwenyewe. Wewe ni muuguzi, kuzalisha unajua. Chukua mama mmoja wa kijiji akusindikize, wafanyakazi waone jina la titulaire kwenye zamu. Mpange Mwavita mchana, na useme mbele ya wote kwamba ni wewe uliyepanga hivyo, wasidhani amebembelezwa. Tazama ule mlango wa chumba cha kuzalia unafungwa kwa upande gani. Kama komeo liko nje, kabla ya karatasi yoyote tafuta fundi. Kisha, siku mkiwa wawili mnaosha vyombo au mnasubiri mvua ikatike, muulize anachokiweza na kilichomshinda. Anaweza akasema usiku sitaki tena kabisa. Muamini, kwa sasa. Anaweza asijibu, akakugeuzia mgongo, na wewe una kiburi kama mimi, utatamani kuwaka. Osha vyombo.

Watakupigia simu kutoka juu. "Titulaire, mbona hujamwandikia yule mkunga demande?" Watasema msichana huyu hawezi kuongoza. Jina lako litachafuka kidogo, labda zaidi ya kidogo. Mimi niliogopa hilo, Feza. Nikisema kweli yote, sikuandika kwa sababu Amisi alikosea. Niliandika kwa sababu chanjo zimeharibika mikononi mwangu na nilitaka kosa liwe na jina la mtu mwingine. Umesikia? Ndilo nililokuwa nalitafutia moyo tangu mwanzo wa barua hii. Nisamehe kwa kukudanganya, na nisamehe kwa kuwa nilikulea ukiniona mkali, ukadhani ndio uongozi.

Na usiku ule utaogopa. Usinidanganye mimi, utaogopa. Mbwa atabweka nawe utakaa wima kitandani. Mwambie mtu asubuhi kwamba uliogopa. Mimi nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye ile barabara, na hakuna hata mfanyakazi mmoja aliyewahi kunisikia nikisema naogopa. Walinisifu kwa hilo. Sijui lilimsaidia nani.

Kuna jambo la mwisho, na hili hata baba yako hajalijua.

Mwaka jana nilimkuta Amisi hapa sokoni Kasongo. Anauza mchele. Amenenepa kidogo, ndevu zina mvi. Nilitaka kupita upande wa pili, miguu ikakataa. Akaniona. "Mama Titulaire! Karibu." Bado ananiita hivyo, fikiria. Nikasimama katikati ya magunia, watu wananisukuma kwa vikapu vyao, nikamwomba msamaha. Nikataja yote: ushuhuda, ripoti, mfuniko, ile njia, ile demande. Nilikuwa nimejipangia maneno hayo kwa miaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, anasawazisha mchele kwenye kipimo kwa kiganja.

Akasema, "Mama, ile barua haikuniumiza sana. Wakati ule nilikuwa nimeshakwisha."

Nikamuuliza, "Basi ni nini, Amisi?"

Alimhudumia mteja, akamrudishia chenji yake, akamtania. Kisha akanijibu bila kunitazama. "Siku ile nilirudi kutoka msituni, nilipita kwanza mbele ya nyumba yangu. Unajua nyumba yangu ilikuwa inatangulia, kisha kituo. Nilisikia Zaina analia ndani. Sikuingia. Nilisema, nifike kwanza kwa mukubwa wangu anione kama niko muzima, ndipo nirudi kwa mke wangu. Nikafika. Ukatoka mbio. Ukaniangalia miguu. Ukasema: Pikipiki iko wapi?"

Feza, sikumbuki. Naapa kwa mama yangu, sikumbuki. Mimi nakumbuka kumkumbatia na kulia. Nimejaribu usiku na mchana kulitafuta hilo neno kinywani mwangu na silipati, lakini najua nililisema, kwa sababu ile pikipiki niliipokea kwa sahihi yangu, na najua nilivyo. Mimi lilinitoka siku ileile. Yeye alilibeba miaka yote hiyo, na bado alinijazia kipimo hadi juu, akaongeza na kiganja.

Nasikia kikohozi cha baba yako kwenye njia, na sauti yako, unacheka naye. Sikuigusa karatasi yako, iko palepale kwenye mfuko wako, fanya unavyoona. Kesho kutwa utashuka kwenye pikipiki umejaa vumbi, mgongo unakuuma, wafanyakazi wamejipanga kukupokea. Mmoja wao ni mwanamke aliyetembea kutoka kwake akijua kwamba titulaire yeyote mpya atakuwa na neno naye, na amekuja hata hivyo. Atakupa mkono. Fikiria tangu sasa utamuuliza nini kwanza.

Nakupenda hata nikikukasirikia.

Mama yako